Ugonjwa wa Crohn na kolaitisi ya vidonda: kipi hurithiwa, kipi hakirithiwi

Mtu akishaambiwa ana ugonjwa wa Crohn au kolaitisi ya vidonda, kuna maneno mawili ambayo huenda yakamfikia kabla ya dawa. La kwanza: "Huo si ni ugonjwa wa Wazungu, wewe umeutoa wapi?" La pili hutoka kwa jamaa: "Basi uko kwenye ukoo wenu, na watoto wako wataupata." Maneno haya yanapingana, ila yote mawili yanaegemea jambo lilelile, yaani jeni, vipande vya vinasaba tunavyorithi kwa wazazi, na yote mawili yana madhara. La kwanza humchelewesha mgonjwa kupimwa. La pili humtia mtu hofu ya kuzaa, au humfanya alaumiwe na wakwe kwa kitu ambacho hakukichagua. Nimeandika makala haya kwa sababu naamini ukweli kuhusu jeni hizi, ukielezwa taratibu, unaondoa lawama zote mbili.

Tuanze na magonjwa yenyewe. Madaktari huyaita kwa pamoja IBD, kifupi cha Kiingereza cha magonjwa ya uvimbe wa utumbo. Kinga ya mwili hukaa katika hali ya vita ndani ya ukuta wa utumbo, na vita hiyo haizimiki kama inavyotakiwa. Ukuta huwa mwekundu, huvimba, hutoka vidonda na kuvuja damu. Kolaitisi ya vidonda hukaa kwenye utumbo mpana peke yake: huanzia mwisho kabisa, karibu na njia ya haja kubwa, ikapanda juu bila kuruka sehemu, na hula tabaka la ndani tu. Crohn unaweza kutokea popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa, huruka sehemu na kuacha nyingine nzima, na hupenya unene wote wa ukuta. Mahali unapopenda zaidi ni mwisho wa utumbo mwembamba, pale unapokutana na utumbo mpana. Ni hapo ndipo Burrill Crohn, Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer wa hospitali ya Mount Sinai, New York, walipouona na kuueleza mwaka 1932. Wala magonjwa haya si "vidonda vya tumbo" tunavyovizungumzia kila siku, ambavyo hukaa kwenye mfuko wa chakula au mwanzo wa utumbo na mara nyingi huletwa na bakteria wa H. pylori au dawa za maumivu.

Mapacha na ndugu wa damu

Kabla ya mashine za kusoma vinasaba, watafiti waliwatazama mapacha. Mapacha wa kufanana wana vinasaba vilevile. Wasiofanana wanashiriki nusu tu, sawa na ndugu wengine wa baba na mama mmoja. Ugonjwa ukiwa wa jeni tupu, pacha mmoja wa kufanana akiugua, mwenzake lazima naye augue.

Sweden, Denmark, Uingereza na Ujerumani zilihesabu. Kwa Crohn, pacha wa kufanana akiugua, mwenzake huugua katika jozi kati ya 20 na 50 hivi kwa kila 100, kutegemea nchi. Kwa mapacha wasiofanana idadi hushuka chini ya 10. Kwa kolaitisi ya vidonda, hata mapacha wa kufanana hawafiki 20 kwa 100. Hapo tayari una mambo mawili ya kushika. Jeni zina uzito wa kweli, na uzito huo ni mkubwa zaidi kwenye Crohn kuliko kwenye kolaitisi. Lakini pia watu wenye vinasaba sawasawa, waliolala tumbo moja na mara nyingi kula sufuria moja, wanaachana: mmoja anaugua, mwingine anazeeka salama.

Denmark, inayotunza kumbukumbu za afya za taifa zima, ilichapisha hesabu nyingine mwaka 2015. Mtu mwenye mzazi, mtoto au ndugu wa tumbo moja mwenye Crohn ana uwezekano wa kuupata ulio mkubwa karibu mara 8 kuliko mtu asiye na jamaa kama huyo. Kwa kolaitisi ni mara 4. Mara 8 inatisha ikisimama peke yake. Lakini ni mara 8 ya kitu kidogo, na matokeo yake ni kwamba watoto walio wengi kabisa wa mzazi mwenye Crohn hawapati Crohn. Tena wagonjwa wengi, ukiwauliza, hawana hata jamaa mmoja mwenye ugonjwa huo.

Jeni ya kwanza: NOD2

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu NOD2 ikieleweka, nyingine zote zinakuwa rahisi.

Mwaka 1996 timu ya Jean-Pierre Hugot, Paris, ilifuatilia familia zenye wagonjwa wa Crohn zaidi ya mmoja. Iliona kwamba wagonjwa wa familia moja walirithi kwa pamoja kipande fulani cha kromosomu ya 16, mmoja wa nyuzi zinazobeba jeni, mara nyingi kuliko ambavyo bahati ingeleta. Kukipekua kipande hicho kuliwachukua miaka mitano. Mwaka 2001 timu hiyo, na nyingine ya Marekani waliyokuwamo Gabriel Núñez na Judy Cho, zilichapisha matokeo bega kwa bega katika jarida la Nature. Jeni yenyewe ilikuwa NOD2.

NOD2 ni maelekezo ya kutengeneza protini inayokaa ndani ya seli na kutambua kipande kidogo cha ukuta wa bakteria. Ikikigusa, hupiga kengele na seli huanza kujilinda. Watafiti walikuta matoleo matatu ya jeni hii yanayojirudia kwa wagonjwa. Mawili, R702W na G908R, hubadili herufi moja ya maelekezo. La tatu huongeza herufi moja, na kwa hiyo protini hukatika kabla haijakamilika. Yote matatu yanafanya jambo moja: protini haimsikii bakteria vizuri.

Msomaji makini atashangaa hapa, na watafiti nao walishangaa. Crohn ni ugonjwa wa kinga iliyozidi. Iweje jeni yake kuu iwe ya kinga iliyolegea? Jibu linalokubalika zaidi linaanzia kwenye seli za Paneth, zilizojificha chini kabisa ya mikunjo ya utumbo mwembamba, zikitoa viuabakteria vya asili. NOD2 hufanya kazi humo. Ikilegea, bakteria huusogelea ukuta na kupenya kidogo kidogo bila kuzuiwa mapema, mpaka matawi mengine ya kinga, yenye nguvu na yasiyo na uangalifu, yanaingia kazini. Ni mtaa ambao mlinzi wake wa usiku ni kiziwi: vibaka hawafukuzwi wakiwa wawili, na siku wananchi wenye hasira wanapotoka, wanachoma hata vibanda vyao wenyewe. Ushahidi mwingine wa wazo hili ni watoto wanaozaliwa na seli nyeupe zisizoweza kuua bakteria ambao zimewameza. Wengi wao, pamoja na kuugua maambukizi makali, hupata uvimbe wa utumbo unaofanana sana na Crohn.

Sasa tupige hesabu, maana ndipo hofu inapozaliwa. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba katika watu 1,000 wa kaskazini mwa Ulaya, 2 wana Crohn. Mwenye nakala moja ya toleo la hatari la NOD2, uwezekano wake hupanda mara 2 hadi 4. Hao ni watu 4 hadi 8 katika 1,000. Mwenye nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama, makadirio mengi huanzia mara 15 na kufika hata 40. Tuchukue 20. Katika watu 1,000 wenye nakala mbili, 40 wataugua na 960 hawataugua. Kichwa cha habari kinachosema "jeni inayoongeza Crohn mara 20" hakidanganyi, lakini kinawaficha hao 960. Tena kuna upande wa pili: wagonjwa 60 hadi 70 katika kila 100 wa asili ya Ulaya hawana hata moja ya matoleo hayo matatu.

Kwa hiyo kipimo cha NOD2 hakimwambii mtu mzima kwamba ataugua, na hakimwondolei mgonjwa ugonjwa wake kikitoka safi. Ndiyo maana madaktari wa matumbo hawakitumii kutambua Crohn. Wanaendelea kutegemea kamera, vipande vya nyama vinavyochunguzwa maabara, picha, na vipimo vya damu na choo.

Kutoka jeni moja hadi mamia

Baada ya 2001 wengi walitumaini kupata NOD2 nyingine mbili tatu na kazi iishe. Haikuwa hivyo. Ilipowezekana kupima maelfu ya maeneo ya vinasaba kwa maelfu ya watu kwa mkupuo, jeni zilianza kujitokeza kwa wingi: TNFSF15 nchini Japan mwaka 2005, IL23R Amerika ya Kaskazini mwaka 2006, ATG16L1 mwaka 2007. Mwaka 2012 muungano wa kimataifa ulichapisha matokeo yaliyotokana na sampuli za watu zaidi ya 75,000, ukayataja maeneo 163. Kati ya hayo, 110 yalichangia Crohn na kolaitisi kwa pamoja. Kufikia 2017 yalikuwa yamepita 240.

Ukiyajumlisha yale 163, yalieleza takriban asilimia 14 tu ya tofauti ya nani anaugua Crohn na nani haugui, na asilimia 7.5 kwa kolaitisi. Kila eneo linasukuma kidogo mno. Mtu yeyote, wewe na mimi pia, amebeba matoleo mengi ya hatari na mengi ya kinga kwa wakati mmoja.

Baadhi ya maeneo haya yana faida ambayo haipimwi kwa asilimia. IL23R ni mfano ninaoupenda. Toleo moja lisilo la kawaida la jeni hii humkinga aliyelibeba: uwezekano wake wa kuugua hushuka hadi nusu au chini ya hapo. Likatoa fununu ya maana sana, kwamba njia ya IL-23, mojawapo ya ishara ambazo seli za kinga hupelekeana, ikipunguzwa nguvu, utumbo unatulia. Dawa zinazoziba njia hiyo zipo leo. Ustekinumab ilianza kwa ugonjwa wa ngozi wa soriasi, na mwaka 2016 ikaruhusiwa Marekani kwa Crohn. Risankizumab ikafuata mwaka 2022. Bei zake bado ni mzigo mzito kwa wagonjwa wengi wa kwetu, na hilo ni jambo la sera linalostahili kupiganiwa.

ATG16L1 nayo inafundisha somo tofauti. Jeni hii husimamia namna seli inavyokusanya na kusaga takataka zake, pamoja na bakteria waliojipenyeza. Toleo lake la hatari limeenea sana Ulaya, kwa wagonjwa na kwa wazima. Basi kwa nini wengi hawaugui? Watafiti wa Washington University, St. Louis, walikuwa na panya wenye hitilafu kwenye jeni hiyo, na seli zao za Paneth zilikuwa na kasoro. Panya hao walipohamishiwa mazingira safi zaidi, kasoro ikatoweka, ingawa jeni ilikuwa ileile. Mwaka 2010 walionyesha kilichokosekana: kirusi cha tumbo cha jamii ya norovirusi. Kirusi peke yake hakikuleta kasoro, na jeni peke yake haikuleta. Vilipokutana, ndipo seli zilipoharibika. Sijaona jaribio jingine linaloonyesha kwa uwazi namna hii kwamba jeni husubiri kitu kutoka nje.

Kwa binadamu, vitu vya kutoka nje vinavyojulikana ni kadhaa. Sigara huongeza uwezekano wa Crohn na kuufanya uwe mkali zaidi. Ajabu ni kwamba wavutaji hupata kolaitisi ya vidonda mara chache kuliko wasiovuta, na hakuna daktari anayeshauri mtu avute kwa ajili hiyo, kwa kuwa moshi unaua kwa njia nyingine nyingi. Matumizi ya antibiotiki utotoni yamehusishwa pia na Crohn. Watu waliokatwa kidole tumbo wakiwa vijana kwa sababu kilivimba hupata kolaitisi kwa nadra zaidi.

Kolaitisi ya vidonda ina eneo lake kuu, nalo ni HLA kwenye kromosomu ya 6, lilelile linaloamua kama figo ya mtu mmoja itakubaliwa na mwili wa mwingine. Hilo tulipite. Lakini kuna ugunduzi wa 2024 usiofaa kupitwa. Maeneo mengi kati ya hayo 240 hayako ndani ya jeni yoyote. Yako kwenye sehemu za vinasaba zisizotengeneza protini, na kwa miaka watafiti hawakujua yanafanya nini. Eneo mojawapo liko kromosomu ya 21. Timu ya James Lee, wa taasisi ya Francis Crick jijini London, ilionyesha kwamba eneo hilo huongeza utendaji wa jeni iliyo mbali nalo, ETS2, ndani ya makrofaji, seli za kinga zinazomeza wavamizi. ETS2 ikipanda, makrofaji hugeuka wakali na kuchochea uvimbe. Zipo dawa za saratani zinazoweza kutuliza njia hiyo, na sasa linalotafutwa ni namna ya kuzifikisha kwenye seli hizo tu bila kudhuru nyingine.

Uchunguzi wa wagonjwa karibu 30,000 uliochapishwa mwaka 2016 ulileta jambo jingine. Kijeni, Crohn wa utumbo mpana husimama katikati, kati ya Crohn wa utumbo mwembamba na kolaitisi. Mgonjwa ambaye daktari wake alisita kumpa jina la ugonjwa, au alilibadilisha baada ya miaka, asidhani amepata daktari dhaifu. Mpaka wenyewe haujachorwa kwa mstari mnyoofu.

Uhusiano na ukoma na kifua kikuu

Mwaka 2009 utafiti kutoka China uliotafuta jeni za ukoma ulizikuta NOD2 na TNFSF15 miongoni mwake. Muungano wa 2012 nao uliona kwamba maeneo ya IBD yanapishana mno na yale yanayoamua nani anaumwa na bakteria wa jamii ya ukoma na kifua kikuu. Haya si mambo ya kubahatisha. Jeni hizi zilichongwa na maelfu ya miaka ya kuishi na vijidudu, na baadhi ya matoleo yake yaliyobaki kwetu huenda yalibaki kwa sababu yaliwahi kumwokoa mtu fulani dhidi ya ugonjwa fulani.

Afrika Mashariki jambo hili lina uzito wa pili, wa hospitalini. Kifua kikuu cha tumbo hupenda mahali palepale Crohn unapopenda, mwisho wa utumbo mwembamba. Dalili hufanana: maumivu upande wa kulia chini, homa, kukonda, kuharisha. Hata kwa kamera huweza kufanana. Crohn ukidhaniwa kuwa kifua kikuu, mgonjwa hunywa dawa miezi sita bila nafuu ya kweli. Kifua kikuu kikidhaniwa kuwa Crohn, mgonjwa hupewa steroidi, kinga ikashuka, na bakteria wakasambaa. Hakuna kipimo cha jeni kinachotenganisha haya mawili. Kinachotenganisha ni subira ya daktari, vipande vya nyama vilivyochunguzwa vizuri, na kumfuatilia mgonjwa.

Watoto wachanga ni habari nyingine

Nimesema jeni moja haitoshi kuleta ugonjwa. Kuna kundi ambalo jeni moja inatosha, nalo ni watoto wadogo sana. Mwaka 2009 timu ya Ulaya ilieleza familia ambazo watoto waliugua miezi ya mwanzo ya maisha, wakiharisha damu, wakipata vidonda na mashimo ya usaha kuzunguka njia ya haja kubwa, bila kusikia dawa. Jeni zao za kipokezi cha IL-10 zilikuwa zimeharibika, zote mbili, ya baba na ya mama. IL-10 ni ishara inayoiamuru kinga itulie. Mtoto ambaye mwili wake hauisikii amri hiyo hana cha kumtuliza. Mmoja wao alipandikizwa chembe za uboho kutoka kwa mtu mwingine, na ugonjwa ukatulia.

Tangu wakati huo jeni za aina hii zimetambuliwa zaidi ya 50. Nyingi huhitaji nakala mbili mbovu ili mtoto augue. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, na wenyewe wazima kabisa, kila mimba ina uwezekano wa 1 kwa 4. Wazazi wanaohusiana kwa damu wana nafasi kubwa zaidi ya kubeba hitilafu moja iliyotoka kwa babu mmoja, na kwa hiyo magonjwa haya huonekana zaidi penye ndoa za mabinamu, zikiwamo nchi za Ghuba. Familia za pwani yetu, za Oman na za Pembe ya Afrika zilizozoea kuozana watoto wa ami na wa mjomba zinastahili kulijua hili bila kudharauliwa. Ndoa nyingi za namna hiyo huzaa watoto wazima. Ila mtoto wa chini ya miaka sita anayeharisha damu kwa wiki nyingi, hasa ikiwa kuna ndugu yake aliyefariki mchanga kwa ugonjwa usioeleweka, apelekwe kwa daktari bingwa wa watoto, na uhusiano wa wazazi utajwe mapema. Hapo kipimo cha jeni kina kazi ya kweli, kwa sababu kinaweza kubadili tiba yote.

"Ugonjwa wa Wazungu"

Kauli hii ina historia. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Uganda hadi miaka ya 1960, aliona kwamba magonjwa mengi ya utumbo aliyoyajua kwao yalikuwa nadra kwa Waafrika wa vijijini, akaelekeza macho kwenye chakula chenye nyuzinyuzi nyingi. Baadaye wanajeni walipokuta kwamba matoleo matatu ya NOD2 karibu hayapo kwa Waafrika, na hayapo kwa Wajapani na Wachina, ilikuwa rahisi kuhitimisha kwamba Mwafrika amekingwa na damu yake.

Hitimisho hilo halikusimama. Japan na China, zisizo na NOD2 ya hatari, zimeona IBD ikipanda pamoja na miji na viwanda. Katika jimbo la Ontario, Kanada, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba wahamiaji wenyewe huugua kwa nadra kuliko wenyeji, na aliyehamia akiwa mdogo huugua zaidi ya aliyehamia akiwa mtu mzima. Watoto waliozaliwa Kanada na wazazi kutoka Afrika kusini mwa Sahara, Asia Kusini na Mashariki ya Kati waliugua kwa kiwango kinachofanana na cha watoto wa wenyeji. Jeni za ukoo hazibadiliki kwa kizazi kimoja. Mzazi wa Kiswahili aliyeko Toronto au Minneapolis, mwanawe akianza kukonda na kuharisha damu, asikubali kuambiwa kwamba watu wetu hawaugui ugonjwa huu.

Tatizo jingine ni sampuli zilitoka kwa nani. Watu 75,000 wa mwaka 2012 walikuwa wa asili ya Ulaya. Utafiti mkubwa wa kwanza wa jeni zote kwa Wamarekani weusi, uliochapishwa mwaka 2017, ulikuwa na wagonjwa zaidi ya 2,300. Ulithibitisha maeneo kadhaa yaliyojulikana na kukuta mengine yanayotoka kwenye vinasaba vya Kiafrika, ambayo sampuli za Ulaya zisingeweza kuyaonyesha. Hata hivyo, mababu wa Wamarekani weusi walitoka zaidi Afrika Magharibi na ya Kati, na mtu wa Kigoma au Lamu ana historia yake tofauti.

Alama za hatari zinazojumlisha jeni nyingi, zile zinazouzwa na kampuni za kupima mate kwa posta, zimetengenezwa kwa sampuli hizohizo za Ulaya. Zikimpima Mwafrika hukosea zaidi. Nasema wazi: usitumie fedha zako huko kwa ajili ya ugonjwa huu.

Kinachonisikitisha ni kwamba vinasaba vya Afrika ndivyo vyenye tofauti nyingi kuliko vya bara lolote, na vipande vinavyorithiwa kwa pamoja ni vifupi, jambo linalomsaidia mtafiti kubaini herufi hasa inayohusika badala ya kuishia kwenye kitongoji chake. Uganda imekwisha kuonyesha kwamba kazi inawezekana hapa: mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya vinasaba vya watu wapatao 6,400 wa Kyamulibwa, kusini magharibi mwa nchi. Utafiti ule haukuwa wa matumbo. Njia, maabara na watafiti wapo, na wagonjwa wa IBD wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala wanaweza kuandikishwa kwa utaratibu uleule.

Jeni zinazohusu dawa

Sehemu ambayo jeni zinaweza kumsaidia mgonjwa leo hii si ile ya kutabiri ugonjwa, ni ile ya dawa. Azathioprine, dawa ya kupunguza nguvu ya kinga, ni ya bei nafuu kuliko dawa mpya na hutumika sana. Mwili huivunja kwa msaada wa kimeng'enya cha TPMT. Aliyerithi nakala mbili dhaifu za jeni yake, mtu kama 1 kwa 300 Ulaya, hurundika sumu ya dawa na uboho wake unaweza kusimama kutengeneza chembe za damu kwa dozi ya kawaida. Mwenye nakala moja dhaifu, karibu mtu 1 kwa 10 huko huko, huhitaji dozi ndogo. Watafiti waliopima Wakenya na Waghana, na kuchapisha mwaka 1999, walikuta kwamba toleo dhaifu linalotawala kwetu ni TPMT*3C. Kwa watu wa Asia Mashariki jeni inayosumbua zaidi ni nyingine, NUDT15, iliyotambuliwa Korea mwaka 2014.

Kuna pia HLA-DQA1*05, toleo la jeni ya eneo lile la HLA. Wagonjwa wanaoibeba hutengeneza kwa urahisi zaidi kingamwili dhidi ya infliximab na adalimumab, dawa mbili za kutuliza kinga, na dawa ikaacha kufanya kazi. Na kabla ya dawa hizo mbili kuanzishwa, kipimo cha kifua kikuu kilicholala mwilini ni lazima, bila kujali jeni.

Unapoandikiwa azathioprine, uliza kama kipimo cha TPMT kinapatikana. Kisipopatikana, daktari anaweza kuanza na dozi ndogo na kukupima hesabu ya chembe za damu, kile kipimo ambacho wengi hukiita FBP, mara kwa mara katika wiki za mwanzo na kisha kila baada ya miezi michache. Mwambie kama unatumia allopurinol kwa ajili ya gauti, kwa sababu mbili hizo zikikutana hurundika sumu ileile. Ukipata homa, vidonda mdomoni, koo kuuma sana au michubuko isiyo na sababu, usisubiri kliniki ya mwezi ujao: nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, taja jina la dawa, na omba chembe nyeupe za damu zihesabiwe.